Kuinasa Sayari ya Nyota Nyingine Ukiwa Karagwe au Kyerwa

Desemba 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulitangaza majina ambayo nchi zaidi ya 100 ziliyachagua kwa nyota na sayari za mbali. Tanzania ilikuwa imepewa nyota ambayo wataalamu waliiandika WASP-71. Tukaiita Mpingo, na sayari inayoizunguka tukaiita Tanzanite. Wengi walisikia habari hiyo mara moja wakaisahau, ila mtu wa Karagwe au Kyerwa ana sababu yake ya kuikumbuka. Mpingo ipo nyuzi 1 kasoro kidogo kaskazini mwa ikweta ya anga, na Kayanga ipo nyuzi 1 na nusu hivi kusini mwa ikweta ya dunia. Kila inapovuka anga, nyota hiyo hupita karibu kabisa na utosi wako, mahali ambapo hewa iliyo kati yako na nyota ni nyembamba kuliko kwingine kote. Ukienda Murongo, mpakani na Uganda, inakaribia utosi zaidi. Sehemu chache sana za Tanzania ziko kaskazini kiasi hicho.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa fizikia, mwanafunzi, mpiga picha za harusi, au mtu yeyote mwenye subira anayetaka kuipata kwa mikono yake sayari inayozunguka nyota isiyo Jua letu. Kazi hii inawezekana Karagwe. Haihitaji jengo lenye kuba wala darubini ya mamilioni. Inahitaji ujue unatafuta nini, kwa sababu anayetafuta kisichoonekana kwa chombo alichonacho atachoka usiku wa kwanza na hatarudi tena.

Kwa hiyo tuanze hapo. Sayari yenyewe hutaiona. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko sayari zote za Jua letu, huakisi mwanga ulio dhaifu kuliko wa Jua kwa takribani mara bilioni 1. Dunia ni dhaifu zaidi, mara bilioni 10 hivi. Ukiitazama nyota ya jirani, mwanga wa sayari yake umezama ndani ya mwako wa nyota, na hewa yetu inayotetemeka huutandaza mwako huo zaidi. Wanaopiga picha za sayari hizo hutumia koronagrafu, yaani kifaa chenye kijisahani kinachoziba nyota ndani ya darubini ili kilicho pembeni yake kionekane. Mfaransa Bernard Lyot ndiye aliyekibuni miaka ya 1930, akitaka kuitazama taji ya Jua bila kusubiri kupatwa. Darubini za leo huongezewa kioo laini kinachobadilishwa umbo mara mamia kwa sekunde ili kufuta mtetemeko wa hewa.

Nyota mojawapo iliyofanyiwa kazi hiyo unaweza kuiona kwa macho matupu. Toka nje Januari saa nne usiku, tazama kusini. Nyota angavu kuliko zote upande huo ni Canopus. Nyoosha mkono, kunja ngumi; ngumi hiyo ina upana wa nyuzi 10 hivi. Nusu yake na kidogo zaidi, upande wako wa kulia wa Canopus, kuna nyota hafifu iitwayo Beta Pictoris, iliyo umbali wa miaka ya nuru 63. Sayari yake ilionekana kwenye picha zilizopigwa mwaka 2003 kwa darubini za Paranal nchini Chile, zenye vioo vya mita 8.2, na habari ikatangazwa mwaka 2008. Mwonyeshe mwanao nyota hiyo, kisha rudi kwenye kazi tunayoiweza.

Njia ya pili ni ya kuipima nyota inavyoyumba. Sayari huivuta nyota yake, na nyota ikisogea kuja kwetu au kwenda mbali, rangi za mwanga wake huhama kidogo. Kifaa cha kupima uhamaji huo ni spektrografu. Hivyo ndivyo Michel Mayor na Didier Queloz walivyoipata sayari ya nyota 51 Pegasi mwaka 1995, wakiwa kituo cha Haute-Provence nchini Ufaransa, na mwaka 2019 wakapewa Tuzo ya Nobel. Nyota ile ilikuwa ikiyumba kwa mita zipatazo 56 kila sekunde. Dunia yetu huliyumbisha Jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde. Spektrografu ya namna hiyo hufungwa katika chumba chenye joto lisilobadilika hata sehemu ya nyuzi, kwa hiyo nayo tunaiacha.

Inabaki njia ya tatu, na hii ndiyo yetu. Sayari nyingine, mzunguko wake umelala kwa namna ambayo kila mara zinakatiza mbele ya nyota yake tukiwa tunatazama. Nyota inapungua mwanga kidogo, kisha inarudi kama ilivyokuwa. Aliyekaa karibu na mtego wa senene mwezi Novemba anaijua picha hii: taa kali inawaka, senene mmoja anakatiza mbele yake, na ukiwa mbali humwoni senene, bali mwanga wa taa umepungua kwa kiasi cha mwili wake. Tukio hilo tuliite mpito. Unachofanya ni kupima mwanga wa nyota tena na tena kwa saa kadhaa, kisha kuchora mstari.

Mpito wa kwanza kupimwa ulikuwa wa sayari ya nyota HD 209458, mwaka 1999. David Charbonneau na wenzake waliunasa kwa darubini yenye kipenyo cha sentimita 10 tu, huko Boulder, Colorado. Mradi wa WASP, ulioipata Tanzanite, ulitumia lenzi za kamera za milimita 200 zinazouzwa madukani, nane kwa kila kituo, kimoja kikiwa kisiwa cha La Palma na kingine Sutherland, Afrika Kusini. Mwaka 2014 David Schneider, mhariri wa jarida la IEEE Spectrum, alieleza alivyounasa mpito wa sayari iliyokwisha kujulikana kwa kamera ya kawaida ya picha, lenzi kuukuu ya milimita 300, na mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba. Kamera ya namna hiyo ipo Kayanga na Omurushaka. Iko mkononi mwa mpiga picha anayezunguka kwenye harusi za Jumamosi, na siku za katikati ya wiki mara nyingi imelala kabatini. Zungumza naye.

Macho kwanza

Kabla ya kuazima kamera, jizoeze kwa macho. Ipo nyota iitwayo Algol, katika kundinyota la Perseus, ambayo mwenzake hafifu huikatiza kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49. Mwanga wake hushuka kutoka daraja la 2.1 hadi 3.4 (daraja ni kipimo cha mwangaza; namba ikiwa kubwa zaidi, nyota ni hafifu zaidi), na kushuka na kupanda kote huchukua saa 10 hivi. Mwaka 1783 kijana wa miaka 18 wa mji wa York, Uingereza, John Goodricke, aliyekuwa kiziwi, alipima mzunguko huo kwa macho yake na kupendekeza kwamba huenda kuna mwili wenye giza unaopita mbele ya nyota. Wazo ni lilelile tunalolitumia kwa sayari.

Januari saa tatu usiku, Algol iko kaskazini, katikati ya upeo wa macho na utosi. Tafuta Kilimia, kisha pima ngumi mbili kuelekea kaskazini, ukielemea magharibi kidogo. Ilinganishe na majirani wawili: Almach, yenye daraja la 2.1, na nyota ya ncha ya pembetatu ndogo ya Triangulum, yenye daraja la 3.4. Ikiwa imejaa, Algol inalingana na ya kwanza. Ikiwa chini kabisa, inalingana na ya pili. Andika makadirio kila nusu saa, pamoja na saa uliyotazama. Ukikosa mpito leo, hesabu siku 3: utatokea saa 3 na dakika 11 mapema zaidi. Nasisitiza zoezi hili kwa sababu linafundisha mambo mawili ambayo kamera haikufundishi: kulinganisha nyota na jirani zake badala ya kuiamini peke yake, na kuandika saa bila kukosa.

Mahali na majira

Karagwe haipati mvua nyingi kama Bukoba. Mawingu ya Ziwa Viktoria hukua usiku juu ya maji, na mara nyingi utaona radi zikimulika mashariki huku kwako nyota zinang'aa. Hata hivyo masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Septemba hadi Desemba hutibua kazi. Nyakati zako ni Juni hadi Agosti, halafu dirisha dogo la Januari na Februari. Agosti jihadhari na moshi wa mashamba na nyika zinazochomwa. Moshi mwembamba usiouona kwa macho hula mwanga wa nyota bila usawa, na mstari wako utakwenda mrama.

Jambo ambalo watu wa Ulaya wangelitamani ni urefu wa usiku wetu. Juni na Julai usiku wao ni mfupi na haukolei giza. Hapa jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, giza kamili linaingia saa mbili na robo hivi, na unabaki na zaidi ya saa 9 za kazi.

Mahali pazuri kuliko pote ni kiwanja cha kuanikia kahawa. Ni wazi, ni tambarare, na migomba inayokizunguka hukinga upepo na kuficha taa za jirani. Migomba huziba upeo wa macho, lakini nyota zetu ziko juu, kwa hiyo haina madhara. Usiende kingo za Mto Kagera usiku, kwa sababu ya viboko na mamba, wala usiingie hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa bila kibali. Na kwa kuwa wilaya zote mbili ziko mpakani, mtu mwenye chombo kirefu kilichoelekezwa gizani huzua maswali. Mwone mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji mapema, waeleze, na ikiwezekana uwaalike. Sungusungu wakipita watakuwa na habari. Ukianza majirani hawajui unafanya nini, hutamaliza usiku.

Mbao mbili na bawaba

Dunia inazunguka, hivyo nyota huhama kwenye picha. Kwa lenzi ya milimita 200 huwezi kufungua shata kwa sekunde 30 bila nyota kuwa mistari. Kifaa cha kuifuata nyota anaweza kukutengenezea fundi seremala yeyote.

Chukua mbao mbili ngumu zenye urefu wa sentimita 30, ziunganishe upande mmoja kwa bawaba imara isiyochezacheza. Ubao wa chini ufunge kwenye meza nzito au nguzo, na ubao wa juu ubebe kamera. Kwenye ubao wa chini pitisha bolti ya M6, ambayo uzi wake hupanda milimita 1 kwa kila mzunguko. Umbali kutoka katikati ya pini ya bawaba hadi katikati ya bolti uwe milimita 228.6. Kwa kipimo hicho, ukizungusha bolti mara moja kwa dakika, ubao wa juu utainuka kwa kasi ileile ambayo anga inazunguka. Kama fundi ana bolti ya M8 yenye uzi wa milimita 1.25, umbali uwe milimita 286. Hapa usikubali makadirio. Milimita 2 za kosa zitaonekana kwenye picha.

Vitabu vya nje vitakwambia uelekeze bawaba kwenye nyota ya Polaris. Achana navyo, kwa sababu ukiwa Karagwe nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Ncha tunayoitumia ni ya kusini, nayo imeinuka nyuzi 1 na nusu tu. Kwa hiyo bawaba yako ilale karibu tambarare, kutoka kaskazini hadi kusini, mwisho wake wa kusini ukiwa umeinuliwa milimita 8 kwa urefu wa sentimita 30. Murongo inatosha milimita 5. Bawaba iwe upande wa magharibi na bolti upande wa mashariki, ili ukingo wa mashariki unapoinuliwa kamera iinamie magharibi pamoja na nyota.

Kupata kaskazini ya kweli usitegemee dira ya simu, ambayo huvurugwa na mabati na nondo. Simika kijiti wima kwa timazi saa tano asubuhi, weka alama kwenye ncha ya kivuli, na chora duara kwa kamba kutoka shina la kijiti kupitia alama ile. Mchana, kivuli kitakapoligusa duara tena, weka alama ya pili. Mstari unaounganisha alama mbili ni mashariki na magharibi, na unaoukata kwa pembe mraba ni kaskazini na kusini. Fanya hivyo Juni, Julai au Januari, jua likiwa mbali na utosi na kivuli kikiwa kirefu cha kutosha.

Usiku wa kazi

Sayari ya kuanzia ni ya nyota HD 189733, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 64. Iligunduliwa mwaka 2005. Inaizunguka nyota yake kila siku 2.2186, mpito hudumu saa 1 na dakika 50 hivi, na nyota hupungua mwanga kwa asilimia 2.4, kiasi kikubwa kuliko nyota nyingine yoyote angavu namna hiyo. Daraja lake ni 7.7, haionekani kwa macho matupu ila huonekana kwa darubini ndogo ya macho mawili. Katikati ya Agosti hufika juu kabisa saa tano na nusu usiku, upande wa kaskazini, theluthi mbili na zaidi ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosi.

Kuipata, anzia Altair, nyota angavu karibu na Njia ya Maziwa. Kaskazini yake kuna mshale mdogo wa nyota nne, Sagitta. Kutoka ncha ya mshale sogea nyuzi 3 kaskazini, utaona wingu dogo la mviringo liitwalo M27. Nyota yako iko mashariki ya wingu hilo, umbali wa nusu ya upana wa mwezi. Wingu hilo litaonekana kwenye kila picha na litakuhakikishia kwamba hujapotea.

Saa za mpito utazipata kwenye kurasa za utabiri za NASA na za Chama cha Astronomia cha Czech. Utaombwa mahali ulipo: andika longitudo 31.1 mashariki na latitudo 1.5 kusini, au soma namba kamili kwenye simu. Angalia sana jambo hili: saa zinazotolewa ni za UTC, zilizo nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Mpito wa 18:00 UTC unaanza saa 21:00, yaani saa tatu usiku. Mawingu yakikukosesha, hesabu siku 20 na mpito mwingine utatokea dakika 47 mapema kuliko ule uliokosa.

Vaa koti. Usiku wa Julai huku juu, mita zaidi ya 1,500 kutoka usawa wa bahari, una baridi na umande. Tengeneza kinga ya lenzi kwa boksi la karatasi ngumu, refu kama lenzi yenyewe, ili umande usitue kwenye kioo. Saa ya kamera ilinganishe na ya simu kabla hujaanza.

Kamera iweke kwenye RAW, si JPEG. Zima kila kitu cha kujiendesha: fokasi, mwanga, kupunguza chengachenga. ISO iwe 400 na isibadilike hadi mwisho. Kisha fanya jambo linalowashangaza wapiga picha: haribu fokasi kidogo, nyota iwe kiduara badala ya nukta. Mwanga ukienea kwenye punje nyingi za kihisi, hakuna punje itakayofurika, na tofauti ndogo ndogo kati ya punje na punje hujifuta. Bandika utepe kwenye pete ya fokasi na ya kuvutia ili zisihame.

Piga picha za sekunde 30 mfululizo, ukizungusha bolti robo mzunguko kila sekunde 15. Mtu mmoja azungushe, mwingine ashike saa, wa tatu aandike daftari. Kila dakika 15 rudisha bolti mwanzo na uielekeze kamera upya, nyota zikae palepale kwenye fremu. Anza saa nzima kabla ya mpito na usiache hadi saa nzima baada yake. Hapa ndipo wengi huharibu. Huwezi kujua kwamba mwanga umeshuka kama hukuupima kabla haujashuka.

Mwishoni funika lenzi na upige picha 20 za giza kwa muda uleule. Alfajiri, funika lenzi kwa fulana nyeupe iliyonyooshwa, uielekeze kwenye anga linaloanza kupambazuka, upige nyingine 20. Hizo za kwanza huondoa kelele za kihisi, za pili huondoa vivuli vya vumbi na kingo za lenzi. Jua halijachomoza, funga kamera. Lenzi ikielekezwa kwenye jua huunguza kihisi, na jicho pia.

Kutoka picha hadi mstari

AstroImageJ ni programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Louisville, na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya shule. Tumia rangi ya kijani peke yake. Programu huchora duara kwenye nyota yako, hujumlisha mwanga uliomo, na huondoa mwanga wa anga la pembeni. Chagua nyota nyingine tatu au nne kwenye fremu zenye mwangaza na rangi inayokaribiana na yako, na uiambie programu igawanye: nyota yako kwa jumla ya zile nyingine. Wingu jembamba likipita, zote hupungua pamoja na uwiano haubadiliki.

Namba za picha moja moja zitarukaruka, mara juu mara chini, kwa sababu ya kumetameta. Chukua wastani wa kila picha 10. Hapo, kama usiku ulikuwa mwema, utaona mstari uliolala, ukashuka, ukakaa chini kwa muda, ukapanda. Kabla hujamwita mtu, fanya jaribio moja: gawanya nyota ya kulinganishia mojawapo kwa nyingine. Mstari huo unapaswa kulala. Ukishuka nao saa ileile, ulichopima ni hewa au umande.

Masika yakikufungia ndani, kazi iendelee. Mradi wa Exoplanet Watch wa NASA hugawa picha zilizopigwa na darubini zinazojiendesha, pamoja na programu ya EXOTIC inayokimbia kwenye mitambo ya Google kupitia kivinjari, hivyo unahitaji bando tu, si kompyuta yenye nguvu. Mwanafunzi wa Nkwenda au Nyaishozi anaweza kutoa mstari wa sayari ndani ya alasiri moja ya mvua. Na kazi hiyo inatumika. Septemba 2025 sayari zilizothibitishwa zilifika 6,000, na saa ya mpito inayotabiriwa hupotea kidogo kidogo kila mwaka asipotokea wa kuipima upya. Darubini ya Ariel, inayotayarishwa na Shirika la Anga la Ulaya, itahitaji saa hizo ziwe sahihi, na mradi wa ExoClock hupokea vipimo kutoka kwa watu wa kawaida kwa ajili yake.

Mpingo yenyewe

Ukishanasa HD 189733 mara mbili tatu, uko tayari kuijaribu nyota yetu. Si rahisi. Mpingo ina daraja la 10.6, umbali wake unazidi miaka ya nuru 1,000, na Tanzanite, ingawa ina uzito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, inapunguza mwanga wake kwa chini ya nusu ya asilimia 1, maana nyota yenyewe ni kubwa, kipenyo chake kikiwa mara mbili ya Jua. Mbao mbili hazitoshi. Inahitajika darubini ya sentimita 20 yenye mota na kamera isiyo ya rangi. Hiki ni kifaa cha shule kadhaa kuchangia, au cha kuombea ushirikiano: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, ng'ambo ya Murongo, kinafundisha fizikia ya nyota, na hapa nchini kipo Chama cha Astronomia na Sayansi ya Anga, ASSAT.

Iko nyuzi 2 na nusu hivi kusini-magharibi mwa Alrescha, nyota ya fundo la kundinyota la Samaki. Mpito wake ni mrefu, saa 5, na hapo ndipo pana mtihani kwa mtu wa Karagwe. Wakati ambao Mpingo iko juu usiku kucha ni Oktoba na Novemba, vuli ikiwa imekolea. Januari anga ni safi, lakini giza likiingia nyota tayari iko karibu na utosi, na kufika saa sita usiku imeshuka mno. Mpito mzima hauingii.

Basi ugawe. Tanzanite hurudi kila siku 2.9037, kwa hiyo kila baada ya siku 3 mpito hutangulia kwa saa 2 na dakika 19. Chagua usiku wa Januari ambao mpito unaanza saa nne, upime mwanga unavyoshuka. Siku 6 baadaye mpito huohuo utakuwa umeanza jua halijazama, na utakwisha saa nne na dakika 22 usiku, nyota ikiwa bado juu vya kutosha. Upime unavyopanda. Tumia nyota zilezile za kulinganishia katika kila usiku, kisha rudisha nyuma saa za usiku wa pili kwa mizunguko 2 kamili ya siku 2.9037, uziweke kwenye mstari mmoja na za usiku wa kwanza. Unapotuma ExoClock, tuma kila usiku peke yake pamoja na picha za giza na za fulana, na katika nafasi ya mahali andika jina la kijiji, latitudo, longitudo na mwinuko kwa mita.